Kiondo Kwenye Kaunta

"Kirudishe," Wangui alisema.

Mayur hakugeuka. Vidole vyake vilibaki juu ya kibodi na shingo ikamkakamaa, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

"Nirudishe nini?"

"Kiondo cha mama. Jana kilikuwa hapo kwenye kaunta, kando ya mizani. Leo hakipo. Usinizungushe, Mayur. Kirudishe."

Ilikuwa Oktoba ya mwaka wa 2007, majira yale ambayo mijakaranda ya Nakuru humwaga maua mpaka barabara zikageuka zambarau. Walikuwa wawili tu katika chumba kilicho juu ya duka la Mzee Kanji, baba yake Mayur, ambaye wanawe humwita Bapuji. Kutoka chini ilisikika sauti ya Mansi, dada mkubwa wa Mayur, akibishana na mteja juu ya bei ya blanketi. Huku juu kompyuta zilinguruma, nyaya zilitapakaa sakafuni, na mezani ilikaa ile miwani mikubwa nyeusi ambayo Mzee Kanji, tangu siku ya kwanza, aliibatiza kofia ya pikipiki.

Mayur alikuja na miwani hiyo kutoka Uingereza, alikosomea mambo ya kompyuta. Chuo kilikuwa kinaitupa, yeye akaiokota. Ukiivaa hukioni tena chumba ulichomo. Unajikuta umesimama mahali pengine kabisa, ukigeuza kichwa napo panageuka. Mahali ambapo Mayur alipatengeneza palikuwa duka hilihili la baba yake, na rafu zake, na mizani yake, na mlango wake unaokwama, na, hadi jana, kile kiondo kwenye kaunta. Mgonjwa, Mzee Kanji mwenyewe, alivaa na glavu yenye nyaya, mkono wake ukaonekana mle ndani ukishika bidhaa. Masomo aliyabuni Wangui, ambaye kazi yake hospitalini ilikuwa kuwarudishia wazee waliopigwa na kiharusi akili na viungo vyao. Tafuta chumvi. Mpimie huyu sukari bila kusahau kwamba yule ameomba majani ya chai. Kwa masomo hayo, mzee aliyekuwa akiita kijiko "ile kitu ya mvua" alikuwa sasa anamtania Mansi kwamba anawauzia watu bei ya kutupa.

Sasa lilikuwa limebaki somo moja tu, la kumrudisha mzee kwenye siku aliyoisahau, na hilo ndilo lililowafanya wapendanao hawa wawili watazamane kama maadui.

"Wangui, nisikize," Mayur alisema, akageuza kiti. Macho yake yalikuwa mekundu. Hata akikasirika, Wangui aliwaza kwa uchungu, bado ni mzuri huyu. "Diwali imekaribia. Bapuji mwenyewe amewaambia jamaa kwamba siku hiyo atakuvisha bangili za marehemu mama yangu, kama mkwe wake. Unajua hizo bangili? Mansi mwenyewe hajawahi kuzivaa. Wacha ziingie mkononi mwako kwanza, halafu akumbuke anachotaka kukumbuka."

"Na akikumbuka zikiwa tayari mkononi?"

"Atazoea."

"Ama ataanguka tena, na safari hii mbele ya wageni."

"Si wewe ulisema presha yake imeshuka?"

"Nilisema. Ndiyo maana ninaweza kumfanyisha hili somo leo, akiwa ametulia, na mimi niko hapa."

Mayur alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wewe mwenyewe umekuwa ukiliahirisha. Wiki ile, ati stima imepotea. Iliyofuata, ati ana mafua. Unafikiri sikuona?"

Ilikuwa kweli. Alikuwa amelipiga chenga somo hilo kwa kila kisingizio, kwa sababu alijua kitakachomngoja mwishoni mwake.

Kiharusi kilimwangusha Mzee Kanji mwezi wa Machi, asubuhi, akifungua duka. Kilimnyang'anya nguvu za mkono wa kulia, kikamvurugia majina ya vitu, na kikamfutia kabisa majuma kadhaa yaliyotangulia. Katika majuma hayo ndimo ilimokuwa siku moja ambayo Wangui angetoa chochote ili isiwepo. Siku hiyo mama yake, Wariara, alishuka kutoka Subukia na kaka yake, wamevaa nguo zao za kanisani, kuja kujuana na watu wa Mayur. Kiondo, kikapu chake cha mkonge, kilikuwa kimejaa hadi kwenye mpini: ndizi, maharagwe ya njahi, mayai yaliyofungwa kwenye gazeti, chupa ya asali. Mayur, kwa furaha, alipiga picha kila pembe ya duka, picha ambazo baadaye zilimsaidia kulijenga duka la ndani ya miwani. Mzee Kanji aliwapa chai, akawasikiliza kwa adabu, kisha kwa adabu ileile akasema mwanawe ataoa katika jamii yao wenyewe, si nje. Vitu vikatolewa, na kiondo kikawekwa juu ya kaunta, kitupu, wakichukue waende nacho.

Kwa akina Wangui kiondo kilicholeta hakirudi kitupu. Hata jirani akikuletea sukuma wiki unamtilia kasukari, au limau, au chochote. Kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kumwambia asije tena. Na Mzee Kanji, aliyezaliwa Nakuru na kuwauzia akina mama wa Subukia sukari maisha yake yote, hakuwa mgeni wa mambo hayo. Wariara alirudi nacho nyumbani, akakitundika nyuma ya mlango, na tangu siku hiyo hakukitumia.

Kisha mzee akaamka hospitalini na yote hayo hayamo kichwani. Alimwona msichana amekaa kando ya kitanda, mkono wake umo ndani ya mkono wa mwanawe, akauliza kwa ulimi mzito, "Huyu ndiye wako, Mayur? Mzuri." Hakuna aliyemsahihisha, si Mayur, si Mansi, wala Wangui mwenyewe. Miezi ikapita, mzee akawa anamwita dikri, neno ambalo kwao ni binti yangu, naye akawa anamwita Bapuji. Wangui alimwambia mama yake kwamba mzee amebadilika. Hakumwambia ni kwa nini.

"Mayur," Wangui alisema, sauti imeshuka. "Juzi tulikuwa tumekaa kibarazani, mimi na yeye. Akaanza kulia. Akaniambia, kichwani mwangu kuna chumba kimefungwa, nasikia watu wanaongea ndani, nifungulie. Alinishika mkono, Mayur. Alinisihi."

"Kwa hivyo unafungua tupotee sisi."

"Nataka nikiitwa dikri, anayeniita awe ananijua."

Mayur alimtazama, na katika macho yale Wangui akayaona yote waliyoyapanga: nyumba ndogo ya kupanga kule Milimani, watoto wenye majina mawili, Jumapili wakienda kuangalia heroe ziwani. Kisha Mayur akageukia kompyuta. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kando ya mizani, juu ya kaunta, kiondo kikarudi.

"Haya," alisema. "Lakini jua ni wewe umetaka."

Fimbo ya mzee ilisikika ngazini kabla yake mwenyewe. Aliingia akihema, mwembamba, amechana nywele, shati limefungwa vifungo vyote na yeye mwenyewe.

"Dikri, umekula? Huyu Mayur hawezi kukuuliza, mimi najua yeye. Mansi ameweka chapati."

"Nimekula, Bapuji."

"Uongo. Mwangalie, amekonda. Haya, lete hiyo kofia ya pikipiki. Leo tunaenda wapi, Gilgil?"

Wangui akatabasamu. Alimvika miwani taratibu, akamfunga mkanda wa kisogoni, akaivuta glavu kidole baada ya kidole kwenye ule mkono wa kulia. Alimpima presha, akaipima tena. Ilikuwa nzuri. Sijui kama kuna siku nyingine alitamani mgonjwa wake awe na presha mbaya.

"Leo hakuna wateja, Bapuji. Simama tu dukani. Niambie unaona nini, halafu uniambie hiyo ni siku gani."

"Naona duka yangu. Vumbi hakuna. Ndani ya kompyuta Mansi anafagia vizuri kuliko huku." Alicheka mwenyewe. Kichwa kikageuka polepole. "Mlango. Mablanketi. Sasa hivi viti viwili vinafanya nini hapa? Hivi si vya duka. Hivi ni vya sebuleni."

"Vililetwa vya nini?"

"Wageni. Mgeni wa heshima huwezi kukalisha juu ya gunia." Alikunja uso chini ya miwani. "Wageni gani?"

Wangui alimwacha atafute mwenyewe. Katika kazi yake ni mwiko kumtilia mgonjwa maneno mdomoni. Mayur alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwao.

"Mizani," mzee aliendelea. "Biskuti. Na hii kiondo." Kwenye skrini mkono wake ulinyooka, ukagusa mpini, ukarudi nyuma. "Hii kiondo iko tupu."

"Iko tupu, Bapuji."

"Ilikuja imejaa." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ilikuja na ndizi. Asali. Mayai kwa gazeti. Mama mmoja wa kitambaa ya kijani, anacheka, ananiambia kuku wake wanataga kama wazimu. Na ndugu yake, ameshika kofia kwa magoti. Na wewe." Alivuta pumzi. "Wewe ulikuwa hapo kwa mlango. Hukutaka kuniangalia."

Kutoka chini mteja wa blanketi alisikika akikubali bei. Machozi yalikuwa yakimtiririka Wangui na hakuyafuta, maana mikono yake ilikuwa tayari kumdaka mzee endapo atayumba. Mzee hakuyumba. Alisimama wima, na kwenye skrini mkono wake ukaanza kufanya kazi ambayo hakuna aliyemwagiza.

Ulikwenda kwenye rafu ya sukari, ukachukua pakiti, ukaitia kiondoni. Ukachukua nyingine. Ukachukua majani ya chai, ukachukua sabuni, ukapanda rafu ya juu ukashusha leso nyekundu, ukaikunja vibaya, ukaiweka juu ya vyote. Huo ndio mkono wa kulia uliokuwa umeshindwa kuinua kikombe. Kiondo kilijaa mpaka kwenye mpini.

Mayur alikuwa ameshageuka. Alivuka chumba akamshika Wangui bega, akaliminya, na Wangui akamwegemea kwa furaha. Amekumbuka, na amekijaza. Mungu wangu, amekijaza. Wakati huo mdogo, ambao haukutosha hata mtu kumeza chai, Wangui alikuwa mke wa Mayur.

"Nitoe hii," mzee alisema.

Wangui alimvua miwani. Macho yake yalikuwa yamelowa, na yalimtazama kwa namna ambayo hayakuwa yamemtazama tangu Machi.

"Wangui wa Wariara," alisema.

"Ni mimi, Bapuji."

"Mimi nimeuzia akina mama wa Subukia tangu nikiwa kijana. Najua kiondo ni nini. Ile siku nilijua kabisa nafanya nini. Ilikuwa tabia mbaya sana."

"Imepita."

"Haijapita. Mansi atafunga hivyo vitu, vya kweli, leo leo. Upelekee mama yako. Mwambie Kanji ameomba msamaha."

Mayur alipiga magoti, akaishika miguu ya baba yake. "Bapuji, kwa hivyo umekubali."

Mzee aliweka mkono kichwani mwa mwanawe, na haukuondoka hapo kwa kitambo. Alipoongea, aliongea kama mtu anayebeba kitu kizito akiogopa kukiangusha.

"Nimekumbuka yote, Mayur. Nimemkumbuka na mama yako. Siku ya mwisho pale hospitali alinishika hapa kwa mkono, akasema, Mayur aoe kwetu. Nikamwambia ndiyo. Alienda na hiyo ndiyo yangu. Sasa mimi nitaenda kumwambia wapi kwamba nimebadilisha?"

"Hukuwahi kuniambia hayo," Mayur alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa mtoto unalia. Ningekuambia saa ngapi?" Akamgeukia Wangui. "Wewe umenitoa mahali pa giza. Nakupenda sawa na Mansi, na hiyo sikudanganya, hata nikiwa sijui chochote. Kiondo nilikosea. Lakini jibu ni lile lile."

Wangui aliivua glavu kutoka kwa ule mkono, kidole baada ya kidole, kama alivyoivika. Aliikunja akaiweka mezani. Alijikaza kisabuni mpaka taya zikamuuma.

"Nimesikia, Mzee," alisema.

Mzee Kanji alilisikia hilo neno, akainamisha macho.

Mayur alimkuta Wangui kwenye ngazi, kwenye ile sehemu nyembamba kati ya nyumba na duka ambapo zamani walikuwa wakiibiana mabusu.

"Twende tu," alisema. "Leo. Nairobi watu hawatujui. Nitapata kazi, wewe pia utapata."

"Halafu siku ukipigiwa simu kwamba ameanguka?"

"Wangui, usianze."

"Nakuuliza. Utaniangalia vipi siku hiyo? Mimi nitajiangalia vipi? Hiyo presha naijua kuliko wewe. Nimeipima kwa hii mikono."

"Ungeacha nikitoe hicho kikapu," Mayur alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi, mwanamume mzima ameegemea ukuta. "Kitu kidogo hivyo. Diwali tungekuwa tunacheka. Ni wewe umetuua, Wangui. Wewe na huo ukweli wako."

Maneno hayo yalimchoma. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama nyusi, pua, ile alama ndogo ya mpira wa kriketi kwenye kidevu, akitaka asisahau hata kimoja. Kumbukumbu ndiyo ilikuwa kazi yake. Kisha akamwachilia, akateremka.

Dukani Mansi, aliyekwisha kupata maagizo ya baba yake kutoka juu, alikuwa amefunga vitu kwenye katoni na kamba ya mkonge. Alimpa bila kumtazama usoni.

"Leso nimechagua mimi," Mansi alisema. "Ile nyekundu ilikuwa na doa." Wangui alipofika mlangoni alimsikia akiongeza, polepole, "Pole, dada." Hakuwa amewahi kumwita hivyo.

Kesho yake asubuhi, Wariara alikuwa jikoni kwake Subukia akipuliza moto Wangui alipoingia na katoni kichwani. Mama hakuuliza habari za safari. Aliliona jina la duka lililoandikwa ubavuni, akakata ile kamba kwa meno, akafungua. Sukari. Majani ya chai. Sabuni. Leso mpya, ya kijani, rangi ileile ya kitambaa chake.

"Wametoa wenyewe?" aliuliza. "Ama umenunua?"

"Mzee ndiye ametuma, mama."

Wariara alisimama. Aliijaribu leso begani, akaishusha, akaenda nyuma ya mlango akakiangua kiondo kutoka msumarini. Alikikung'uta vumbi la miezi yote hiyo, akaanza kupanga vitu ndani yake kimoja kimoja kwa furaha.

"Si nilisema huyo mzee ana moyo? Mjomba wako alinibishia. Ngoja nimpigie simu sasa hivi, atafute wale wazee wengine wawili. Na Diwali yao ni lini? Tutahitaji mbuzi, ama hao hawali nyama? Wangui, uliza vizuri wanakula nini, tusiwaaibishe." Akageuka, kiondo mkono mmoja, simu mkono wa pili. "Mbona umesimama? Keti nikuwekee chai. Leo tunatia sukari ya wakwe."

"Mama," Wangui alisema. "Weka simu chini kwanza."

Wariara aliuona uso wa binti yake. Aliishusha simu.

"Ameomba msamaha," Wangui alisema. "Kwa sababu ya kiondo. Ameomba kutoka moyoni, mama, na nimemwamini. Hayo mengine amekataa."

Mama alikiangalia kiondo mikononi mwake, kimejaa, kizuri, jinsi kilivyostahili kurudi siku ile ya kwanza. Alikiweka mezani taratibu, akamimina chai vikombe viwili, akamsogezea binti yake kimoja, akaketi karibu naye mpaka mabega yao yakagusana.

"Kunywa, mami," alisema. "Kunywa ikiwa moto."

Walikunywa kimya, chungu hivyohivyo. Pakiti za sukari zilikuwa mbele yao, na hakuna aliyenyoosha mkono kufungua.